Kwa Nini Kimakame Hakina Mshale

Tangu nistaafu mwezi uliopita nimepigiwa simu kutoka afisini mara nne. Kila mara mpigaji alikuwa mwengine na swali lilikuwa lile lile: kwa nini lugha ya kompyuta tunayoitumia stoo ya kumbukumbu haina alama ya mshale, wakati lugha nyengine zote wanazosomeshwa vijana kule chuoni Tunguu zinayo? Jibu langu kwa simu huwa refu na huishia katikati, kwa sababu kuna sehemu yake ambayo mimi mwenyewe sijaielewa mpaka leo. Nimeona bora niliandike. Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu. Hizo zimo kwenye faili langu, na faili langu mnalo nyinyi.

Siku ya kwanza kazini sikupewa kalamu wala meza. Nilipewa kibao. Kilikuwa kipande cha ubao chenye urefu wa faili, ncha yake moja imepakwa rangi nyekundu. Aliyenipa ni Bi Zuwena, karani wa stoo, ambaye alinitangulia kazini kwa miaka minane.

"Ukitoa faili kwenye rafu," aliniambia, "unaweka kibao hiki pahala pake, na kikaratasi chenye jina lako. Ukitaka kutazama tu, tazama hapo hapo umesimama. Hapo huhitaji kibao."

"Na nikitaka kuongeza karatasi ndani ya faili?"

"Unaniita miye."

"Na nikitaka kutoa zote za zamani niweke mpya?"

Alinitazama toka utosini hadi viatuni. "We Makame, umekuja kufanya kazi au umekuja kutuvunjia nyumba?"

Mwalimu wangu wa pili alikuwa Kantibhai, fundi wa taipureta mwenye duka Mkunazini. Taipureta za afisi zikiharibika mimi ndiye niliyezibeba kumpelekea, na zilipokuja kompyuta nikazibeba vile vile. Kantibhai alikuwa hagusi bisibisi kabla hajatandaza karatasi nyeupe na kuichora mashine kwa penseli. Kila skrubu aliyoitoa aliiweka juu ya mchoro, pale pale ilipotoka. Mteja akimharakisha humwambia, "Bwana, kufungua hata mwizi anaweza." Kwake nilijifunza kuifungua kompyuta na kuifunga bila ya kubakiza skrubu mkononi. Kutunga programu nilijifunza mwenyewe, kwenye kitabu kinene kilichokwisha jalada pamoja na sura mbili za mwanzo. Ndiyo maana kompyuta naijua kuanzia sura ya tatu.

Sasa nije kwenye daftari la nne. Wengi wenu mnalijua kama faili tu lililomo kwenye mashine. Lenyewe ni buku kubwa la ndoa za zamani, limeandikwa kwa mkono, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Watu huja kutafuta majina ya bibi zao, waliolewa na nani, mtaa gani, mashahidi walikuwa akina nani. Tulipopiga picha za kurasa zake tulidhani kazi imekwisha. Lakini picha haiulizwi jina. Ilibidi mtu akae, asome ule mwandiko, na auingize kwenye kompyuta ndoa moja baada ya moja. Afisi nzima mtu huyo alikuwa mmoja, Bi Zuwena, aliyefundishwa hati hizo na baba yake tangu mdogo. Alichapa kwa herufi zile zile za Kiarabu, na hakupenda kuharakishwa. Alikuwa na kazi hiyo mwaka wa tatu alipoanza kugonga mabega yake kwenye fremu za milango.

"Presha ya macho," aliniambia aliporudi hospitali. "Yanafungwa kama duka la Darajani. Kaanza na milango ya pembeni."

"Hakuna dawa?"

"Ipo. Ya kumchelewesha tu huyo anayefunga. Miye nataka nilimalize daftari la nne kabla hajafika mlango wa kati. Baada ya hapo afunge, akalale."

Alikuwa amebakisha kurasa kama thelathini.

Wakati huo nilikuwa nimeshaunda ile lugha ndogo. Sikukusudia kuunda lugha. Nilichoka kuitwa kila mtu alipotaka kuhamisha maandishi kutoka faili moja kwenda jengine, kwa hivyo nikatunga amri kumi na moja ambazo mtu angeweza kuziandika mwenyewe kwa maneno yetu. Kijana mmoja wa mapokezi ndiye aliyeipa jina. "Tumbatu wana Kitumbatu, Makunduchi wana Kimakunduchi," alisema, "na sisi humu ndani tuna Kimakame, lahaja ya mtu mmoja." Jina likashika. Nilijifanya limeniudhi.

Amri nyingi zilikuwa maneno ya kawaida na hazikunipa shida. Shida ilikuwa kwenye mambo matatu linayofanyiwa faili: kulisoma, kuliongeza mwishoni, na kuliandika upya, ambako kunafuta kilichokuwamo. Nilitaka alama fupi. Kitabu changu kilitumia mishale, na mimi nikachukua mishale. Sikumuuliza mtu. Niliona kitu kinachosomeka na kila mwenye macho hakihitaji kuulizwa.

Niliipanga hivi. Unaandika jina la faili la kwanza, mshale, halafu jina la faili la pili. Mshale huu, >, maana yake ni: chukua yote ya faili la kwanza uyamimine kwenye la pili. Mshale huu, <, ni kinyume chake: chukua yote ya faili la pili uyamimine kwenye la kwanza. Linalomiminiwa linafutwa kwanza. Ukutani, juu ya meza ya Bi Zuwena, nilibandika karatasi ya maelekezo ya kila Alkhamisi, siku ya kuweka nakala ya akiba. Niliiandika kwa herufi kubwa, kwa ajili ya macho yake:

KUU > NAKALA. Hakikisha mshale unaelekea kulia.

KUU ni faili la kazi yake, NAKALA ni la akiba. Sentensi ile ya pili niliiongeza kwa uangalifu wangu. Mtu asiye mwangalifu asingeiandika.

Alkhamisi ya kwanza tangu niibandike karatasi ile, asubuhi, niliona diski ya akiba ina hitilafu ndogo ndogo. Nikaisafisha yote, nikaiandaa upya na faili tupu la NAKALA ndani yake. Nakala ya zamani, niliyoiweka mwenyewe kabla ya mishale, ilikwenda na usafi huo, lakini sikujali, kwa sababu saa tano Bi Zuwena angeweka nakala mpya. Kwa saa tatu daftari la nne lilikuwa mahali pamoja tu. Nilikuwa na utaratibu wa kila kitu, na utaratibu huo ulikuwa na tundu la saa tatu.

Saa tano na robo akaniita. "Makame."

"Naam."

"Daftari langu liko wapi?"

Nilikwenda nikasimama nyuma yake. Faili la KUU lilikuwepo, jina lake likiwa kamili, na ndani yake hamkuwa na kitu. Nilifungua NAKALA, nayo ilikuwa tupu. Nilimuuliza alichofanya, akaninyooshea karatasi yangu ukutani.

"Hicho hicho."

Jioni ile na siku zilizofuata nilijaribu kufukua kilichofutwa. Nilipata vipande vya herufi visivyoshikana, nusu ya jina la mtu, tarehe bila mwezi. Bi Zuwena hakunilaumu. Alikaa kwenye kiti chake ameweka mikono mapajani, akitazama mbele, na kwa hali ya macho yake sikuweza kujua kama anatazama kitu.

Kilichonivuruga zaidi ni kwamba sikuliona kosa. Mashine huandika kumbukumbu ya kila amri inayopewa. Niliifungua, nikaikuta amri yake, na mshale ulikuwa umeelekea kulia, kama nilivyoagiza. Nilitunga mafaili mengine mawili ya majaribio, nikaandika amri ile ile kwa majina ya herufi za kizungu, ikafanya kazi sawasawa. Nikarudia mara kumi. Siku tisa nilikuwa na shahidi anayesema amri ilikuwa sahihi na faili tupu linalosema haikuwa. Nilifika hadi kumshuku Bi Zuwena, kwamba huenda alibonyeza kitu asichokiona na anaona haya kukisema. Nalitaja hili kwa sababu nilimwuliza, na kwa sauti ambayo singependa kuisikia tena.

"Umeniambia kulia, nimepeleka kulia," alisema. "Mwanzo ulitazama kushoto, nikaufuta, nikabonyeza ule mwengine."

"Mwanzo ulitazama kushoto?"

"Si ndiyo nikakwambia!"

Hakuwa ameniambia. Au aliniambia na mimi sikusikia, nalo linawezekana.

Nilikumbuka karatasi nyeupe ya Kantibhai. Nikaamua kuifungua amri ile skrubu moja moja: niliitoa kwenye mstari na kuiandika kwa kwenda chini, alama moja kila mstari, kwa mpangilio ule ambao mashine iliipokea. Juu kabisa jina la KUU. Chini kabisa jina la NAKALA. Katikati yake mshale ulikuwa umeelekea kushoto.

Wenzangu, hapa someni pole pole, kwani mimi ilinichukua siku tisa. Bi Zuwena aliyaita mafaili yale kwa herufi za Kiarabu. Kompyuta ikiona herufi hizo hupanga mstari kuanzia kulia, na mshale uliomo baina yake huugeuza ili ufuate mwendo wa maandishi. Alipoandika amri sahihi, KUU ilikaa kulia, NAKALA kushoto, na mshale ukaitazama NAKALA, yaani kushoto. Ilikuwa sawa kabisa. Lakini karatasi ya ukutani ilisema kulia. Akatii. Aliufuta mshale akabonyeza wa pili, nao ukaonekana unaelekea kulia, kwenye KUU. Mashine ikachukua utupu wa NAKALA ikaumimina kwenye miaka mitatu ya kazi yake. Ile kumbukumbu niliyokuwa nikiitazama nayo ilionyesha mstari uliopinduliwa vile vile, ndiyo maana kila nilipoitazama ilikubaliana nami.

Hadi hapo naelewa. Nisichokielewa ni nani aliyesoma vibaya. Yeye aliisoma karatasi vizuri, mashine iliisoma amri yake vizuri, na mimi niliiandika karatasi vizuri kwa mtu anayesoma kama mimi.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya kazi iliyopasa kutangulia. Nilichora > kwenye kadi nikazunguka nayo afisini. Dereva alisema ni kona kali. Bi Mize anayetupikia chai alisema ni mdomo wa kifaranga. Mlinzi alikumbuka skuli: "Kubwa kuliko. Lakini kubwa ipi, ya upande wa mdomo au wa ncha, hilo nimelisahau, Bwana Makame, na tangu nitoke skuli hakuna aliyeniuliza." Mwalimu mmoja wa Tunguu, mtu mwema, alinijibu kwa subira kwamba huo ni mshale wa kuandikia kwenye faili, dunia nzima inaujua.

"Bi Mize haujui," nikamwambia.

"Bi Mize si mtunga programu."

"Hata Bi Zuwena si mtunga programu. Lakini ndiye mwenye faili."

Mwisho nilimpelekea kadi Bi Zuwena mwenyewe. Aliisogeza karibu na pua.

"Mshale wako unatazama unakotoka au unakokwenda?" aliuliza.

"Unakokwenda."

"Upepo wa kusi unakwenda kusini?"

"Unatoka kusini."

"Barabara ya Fumba?"

"Inakwenda Fumba."

"Na ukiwa Fumba?"

"Ukiwa Fumba inakwenda mjini."

"Basi," alisema, akanirudishia kadi. "Na bado unataka miye niujue mshale wako."

Nilirudi nyumbani na kichwa kizito kuliko nilivyokuja. Nilijaribu nukta, ikaonekana kama uchafu wa kioo. Nilijaribu mkwaju, ule mstari ulioinama, na mabano, nikagundua kwamba mabano nayo yanageuzwa kama mishale. Kila alama niliyoijua ilikuwa na mbele na nyuma, na mbele ya mmoja ilikuwa nyuma ya mwenziwe. Ukweli ni kwamba nilikaribia kuiacha lugha yote.

Asubuhi moja nikamuuliza Bi Zuwena jambo ambalo halikuhusu kompyuta. Daftari la nne limeshonwa upya zamani, na kurasa zake hazina namba. Aliyelishona alijuaje ukurasa upi unafuata upi? Alinitaka nilifungue lenyewe, la karatasi, akashika kidole changu akakiweka chini ya ukurasa, pembeni, chini ya mstari wa mwisho. Palikuwa na neno moja peke yake, limeandikwa kwa mshazari.

"Neno la mguuni," alisema. "Sisi nyumbani tuliliita hivo. Sasa funua. Ukurasa unaofuata unaanza na neno gani?"

Nilifunua. Ulianza na neno lile lile.

"Likikubaliana, endelea. Lisipokubaliana, mtu kachezea daftari, simamisha kazi. Hapana mshale hapo, Makame, na kitabu hiki hakijampotea mtu."

Hicho ndicho Kimakame mnachokitumia leo. Kusoma faili hakuna alama yoyote, unalitaja tu, kama tulivyokuwa tukitazama tumesimama mbele ya rafu. Kuongeza kuna sharti moja: mashine inakuuliza neno la mwisho lililomo ndani ya faili, na usipolitaja sawasawa haikupi kalamu. Neno halina kulia wala kushoto. Nalo linakulazimisha ulitazame faili kabla hujaligusa, jambo ambalo mshale haukumlazimisha mtu. Kuandika upya, kunakofuta, sikukupa alama hata moja. Lazima uandike sentensi nzima: *Nafuta yote yaliyomo na nawajibika.* Mnalalamika kwamba ni ndefu. Niliipima, nikaifanya ndefu.

Lakini lugha nzuri haikumrudishia Bi Zuwena kazi yake, na macho yake yalikuwa hayawezi tena kuianza. Nilimwendea nikamwambia anifundishe kusoma ule mwandiko. Herufi nilizijua tangu chuo cha Kurani, kama sote, lakini ule mwandiko wa haraka, bila ya irabu, ulikuwa kwangu kama alama za kucha ukutani.

"Mtu mzima wewe," alisema.

"Kompyuta nilijifunza mtu mzima vile vile."

"Kompyuta haikuchapi. Miye ntakuchapa."

Tulikaa asubuhi kwa asubuhi zaidi ya miaka miwili. Yeye alistaafu katikati yake, lakini aliendelea kuja. Mimi nilisoma kwa sauti, yeye alisahihisha kwa kichwa, kwa maana aliwahi kuzisoma ndoa zile zote na nyingi alizikumbuka. Nikikwama kwenye jina alinipa ukoo wake. Siku moja niligombana na neno moja nusu saa, nikishikilia kwamba lina nukta mbili.

"Iguse," aliniambia. Nikaigusa. "Imebanduka?"

"Moja imebanduka."

"Hiyo si nukta, mwanangu. Huyo nzi kakaa hapo kabla yako."

Tulizipita ndoa zilizofutika, tukafika kwenye zile kurasa thelathini ambazo hakuwahi kuzisoma. Hapo kumbukumbu yake haikuweza tena kunisaidia, na mlango wa kati ulikuwa umeshafungwa. Yeye alikuwa anatega sikio, mimi ndiye niliyekuwa nikiona. Alianza kuniuliza ninaona nini kwa namna nilivyokuwa nikimuuliza yeye zamani, na mara kadhaa nilimjibu kwa ukali wake.

Ukurasa wa mwisho una ndoa moja, ya mwanamke wa Nungwi. Nilisoma jina lake, jina la bwana, jina la walii aliyemwozesha, mahari kitanda na sanduku. Nikafika chini.

"Endelea," alisema Bi Zuwena.

"Hakuna zaidi. Karatasi imekwisha."

"Mashahidi?"

"Hakuna mashahidi. Kuna neno la mguuni tu."

"Linasemaje?"

"*Mashahidi*."

Nilidhani nimemkata moyo. Kazi ya miaka mitano, yake mitatu na yetu miwili, ilikuwa imefika kwenye neno lisilokuwa na ukurasa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, na nilichukua muda kutambua kwamba anacheka.

"Kumbe hata mwenyewe hakumaliza!" alisema, akifuta machozi kwa ncha ya buibui. "Na miye najiua hapa. Liandike, Makame. Andika hilo neno, usiweke kitu mbele yake."

Nililiandika. Siku hizi Bi Zuwena anakaa Fumba kwa binti yake, na kila nikenda huniuliza kama daftari la tano limeonekana. Mimi humjibu bado. Sijui kama lilikuwepo, na kama lilikuwepo sijui limo stoo kwetu au kwenye sanduku la mtu. Katika mambo nisiyoyaelewa hilo pia naliacha kwenu.

Mkipanga zile rafu za nyuma ambazo sikuwahi kuzifikia, kila buku lisilo na jina lifungueni ukurasa wa kwanza msome neno la kwanza. Likikubaliana na neno letu la mguuni, nendeni kwenye mashine mfungue daftari la nne. Itakuulizeni neno la mwisho kabla ya kukupeni kalamu, na sasa mnalijua.